Mlango wa Huntha

Marehemu baba alifundisha fikihi ya Imamu Shafi hapa Kasongo, kitabu kikiwa juu ya marufaa, vijana wakimzunguka kwenye mkeka. Sisi mabinti tulisikilizia ndani. Alipofika kwenye masuala ya huntha, yaani mtu aliyezaliwa maumbile yake hayakubainika kuwa ya kiume wala ya kike, vijana walicheka chinichini, naye akangoja wamalize ndipo aendelee. Kwenye swala ya jamaa asimame wapi? Nyuma ya wanaume, mbele ya wanawake. Akifa, nani amwoshe? Katika mirathi apewe kile ambacho ni chake kwa yakini, na kilichobaki kizuiwe mpaka hali yake ijulikane au warithi wapatane. Wamaliki, baba alituambia, humpa nusu ya fungu la mwanamume na nusu ya fungu la mwanamke.

Hayo niliyashika, lakini maana yake nimekuja kuiona ukubwani, baada ya kuwa mkunga, au akusheze kama tunavyosema huku. Wanazuoni wale walibishana juu ya safu, sanda na mafungu ya urithi. Hakuna aliyeuliza kama mtu huyo ana haki ya kuingia msikitini. Hilo kwao halikuwa swali. Walimkuta yuko, wakamtafutia mahali pake.

Siku hizi tunaanzia pale ambapo wao hawakuthubutu kufika. Nilizalisha mama mmoja upande wa Kabambare. Mtoto akalia vizuri, akanyonya vizuri, ila maumbile yake hayakusema wazi. Kabla kitovu hakijakauka, nilisikia laana ikitajwa, nikasikia na uchawi, na shangazi mmoja akauliza kama hakuna daktari wa kukata ili aibu iishe. Mtoto hakuwa mgonjwa. Haja ndogo ilitoka bila shida, homa hakuwa nayo. Waliotaka kisu walikuwa watu wazima, kwa ajili ya nyuso zao mbele ya majirani.

Kisha kuna karatasi. Kanuni ya Familia ya Kongo ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inataka mtoto aandikishwe etasivili, yaani ofisi ya kuandikisha vizazi, ndani ya siku 90, na hati yake itaje jinsia. Karani anajua majibu mawili tu. Wazazi wale walikwenda, wakaulizwa maswali mbele ya watu kwenye foleni, wakarudi nyumbani bila hati. Mtoto asiye na hati atasumbuliwa shuleni, na akikua atasumbuliwa kupata kadi ya uchaguzi, ambayo kwetu ndiyo kitambulisho.

Ajabu ni kwamba Kanuni hiyohiyo haibagui mtoto wa kiume na wa kike katika urithi. Wote wanagawana sawasawa. Kwa mali, huntha wa Kongo hana haja ya mahesabu ya vitabu vya baba. Anakwama kwenye kuwepo kwake tu, jambo ambalo vitabu vile vilikuwa vimekwisha kulimaliza.

Wapo wanaonijibu kwamba Mungu aliumba mume na mke, basi. Mimi nasoma Surati Shura, pale Mola anapotaja kuwajalia watu mabinti na wavulana, na kuona kwamba kabla ya yote hayo ametaja kwanza uhuru Wake wa kuumba. Mwenzangu wa zamu, Mkatoliki, huwakumbusha watu wake sura ya 19 ya Mathayo, ambapo Yesu mwenyewe anawataja matowashi waliotoka hivyo tumboni mwa mama zao. Hakuwaita kosa.

Wengine huwachanganya huntha na wanaume wapendao wanaume na wanawake wapendao wanawake. Kuhusu hao wa pili, sitasema kwamba dini yangu inaruhusu tendo lao, maana nitakuwa nadanganya. Katiba yetu ya 2006 nayo, kifungu cha 40, inasema ndoa ni kati ya watu wa jinsia tofauti. Lakini sheria ya jinai ya Kongo haiwafanyi wahalifu kwa jinsi walivyo. Kilichopo ni kifungu cha 176, cha kuvunja adabu hadharani, kifungo cha siku 8 hadi miaka 3, nacho ni rahisi kumbambikia mtu asiyetakiwa mtaani. Mwaka 2013 mbunge Steve Mbikayi alipeleka bungeni Kinshasa muswada wa kuwaadhibu, lakini haukuwa sheria.

Inasimuliwa kwamba Khalifa Umar aliruka ukuta usiku akamkuta mtu nyumbani mwake ana mwanamke na pombe. Mtu yule akamwambia: mimi nimemwasi Mungu mara moja, wewe mara tatu, kwani umepeleleza, hukupita mlangoni, wala hukutoa salamu. Umar akaondoka. Kama Umar aliondoka, vijana wa mtaa wetu wanaoruka kuta kuwapeleleza watu hao wamepewa ruhusa na nani? Niliwahi kumshona kichwa kijana waliyempiga kwa uvumi kwamba anapenda wanaume. Sikumuuliza analala na nani. Damu ilikuwa inatoka.

Kenya, mwenzetu wa Kiswahili, iliwahesabu huntha katika sensa ya 2019, wakapatikana watu 1,524. Na sheria yake ya watoto ya 2022 inamtaja mtoto huntha na kumpa haki ya kuheshimiwa. Wabunge wetu wa Kasongo na Kabambare wanaweza kuomba hivyo hivyo katika Kanuni ya Familia, na walimu wa misikiti yetu wakawaunga mkono bila kutoka nje ya kitabu hata ukurasa mmoja. Nanyi wazazi, mtoto wa namna hiyo akizaliwa kwenu, mpeni jina, mpelekeni etasivili kabla ya siku 90, na msikubali mtu yeyote amkate mtoto asiyeumwa.