Homa ya Mtoto Haingoji Asubuhi

Somo: Yohana 4:46-54



Twasoma habari za mkuu mmoja, mtumishi wa mfalme, ambaye mtoto wake alikuwa hawezi huko Kapernaumu. Ugonjwa wake ulikuwa homa. Mtu yule alikuwa na watumishi, naye angaliweza kumtuma mmoja wao. Lakini aliondoka mwenyewe, akapanda njia hata Kana, akamsihi Bwana ashuke kabla mtoto hajafa.

Sisi tukaao katika miteremko ya Meru twaijua homa, na kwa kuwa twaijua, twaidharau. Twasema: ni malaria, ni baridi ya mlimani, tungoje kuche. Lakini wako watoto kwetu ambao homa yao haingojewi, nao ni wale watibiwao saratani. Dawa zao kali huua chembe za ugonjwa, lakini hudhuru pia uboho wa mifupa, mahali zizaliwapo chembe nyeupe za damu, ambazo ni askari wa mwili. Mara nyingi, yapata siku 7 hata 14 baada ya dawa, askari hao hupungua sana. Hapo vijidudu vikaavyo siku zote tumboni, kinywani na juu ya ngozi bila kutudhuru, hupata mlango wa kuingia katika damu. Tena, kwa kuwa askari ni wachache, huenda pasiwe na usaha wala uvimbe wa kutuonya. Homa peke yake huwa ishara, na saa chache zaweza kumwua mtoto.

Hatusemi haya kama watu wasio na hatia. Jioni moja tuliitwa katika nyumba ya mtoto wa namna hii, aliyetoka kupewa dawa juma lililopita. Mwili wake ulikuwa moto. Bibi yake alitushika mkono akasema, "Baba Mchungaji, tuombee mjukuu wetu." Tukaomba, tukaimba, watu wengi wakamwekea mikono, kisha tukaagana, tukaenda kulala. Kulipokucha walimpeleka hospitali, naye akafa siku ile ile. Tuliomba, lakini hatukuuliza swali hata moja, wala hatukusema, "Ondokeni sasa."

Mtu atasema: Bwana hakushuka Kapernaumu, alimponya mtoto kwa neno tu, mbona tusiombe nyumbani? Ndugu, tazameni vema. Neno lile alilipokea baba aliyekwisha kusafiri. Na alipolipokea hakuketi, bali aliamini akashika njia.

Basi tushike haya. Nyumba yenye mtoto huyu iwe na kipima joto. Kikionyesha 38 au zaidi, aende hospitali saa ile ile, hata usiku. Tusimpe dawa ya kutuliza homa ili tungoje, maana huificha ishara. Wala asitiwe dawa kwa njia ya haja kubwa. Aliye karibu na Nkoaranga aende Nkoaranga, aliye karibu na Selian aende Selian. Huko wataamua kama apelekwe mbele hata KCMC, Moshi. Mzazi aseme mlangoni, "Mtoto huyu anatibiwa saratani, naye ana homa." Madaktari hutoa damu waipime, lakini hawangoji majibu, dawa ya kuua vijidudu yapasa kuingia katika mshipa kabla dakika 60 hazijapita tangu alipofika.

Nao wazee wa kanisa watenge fungu la nauli, wajue ni nani mwenye gari. Waendao kumtazama mtoto wanawe mikono kwa sabuni. Mwenye mafua akae kwake, aombe huko.

KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, ni ya shirika lenye jina la Msamaria Mwema. Msamaria yule hakumwombea tu majeruhi na kupita. Alimpandisha juu ya mnyama wake, akamfikisha.

Mkuu yule aliwauliza watumishi wake ni saa ngapi homa ilipomwacha mwanawe. Nasi tutaulizwa tulikuwa wapi saa ile homa ilipomshika mtoto wa jirani.

Bwana, mwenye huruma kwa watoto, atusamehe kukawia kwetu, atupe miguu myepesi. Amina.