Mashine ya Masikio Haikai Kabatini

Tuchukue mfano wa mtoto wa mvuvi, huko Msambweni. Alitimiza miaka miwili hajatamka hata "mama". Akiitwa kwa nyuma, hageuki. Bibi yake akasema, "Mwacheni, hata baba yake alichelewa kusema." Wakamwacha. Alipokuja kupimwa ana miaka minne, ikabainika husikia kelele kubwa tu. Jamaa wakachanga, akanunuliwa mashine mbili za masikio.

Kosa la pili likaanzia hapo. Mama mtu aliihofia bei ya mashine hizo. Akazifunga mashine kwa kipande cha leso, akazitia kabatini nyuma ya vyombo vya wageni. Zilitoka siku ya kliniki na siku ya Idi. Jirani alipouliza, akajibiwa, "Atazipoteza mchangani, shoga. Akiba haiozi." Mtoto akakua, na masikio yakakua. Ule mpira wa mashine unaoingia tundu la sikio ukawa mdogo, ukaacha mwanya, mashine ikawa inapiga filimbi kila akivishwa. Akilia, anavuliwa. Alipoandikishwa shule na miaka saba, mashine zilikuwa bado zinang'aa, naye hana neno la kumwambia mwalimu kwamba tumbo linamuuma.

Mtoto huokota lugha kutwa nzima: mama akikuna nazi huku akiongea, ndugu wakigombana uani, muuza samaki akinadi. Haokoti kwa saa moja ya kliniki. Na miaka ya mwanzo ndiyo ubongo unapoipokea lugha kwa wepesi zaidi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2015, uliowafuatilia watoto zaidi ya 300 wenye upungufu wa kusikia, ulionyesha kwamba waliovaa mashine zaidi ya saa 10 kwa siku walisonga mbele kilugha kuliko waliovaa saa chache. Ndiyo maana wataalamu wanahimiza mtoto apimwe kabla ya mwezi mmoja, tatizo lithibitishwe kabla ya miezi 3, na msaada uanze kabla ya miezi 6.

Basi mvishe mtoto mashine zake akiamka. Mvue akioga, akiingia baharini na akilala. Ukihofia zitapotea, zifunge kwa uzi kwenye kola ya shati. Hewa yetu ya pwani ina unyevu na chumvi, kwa hiyo usiku zifute, fungua mlango wa betri, uziweke kwenye kopo lenye kifuniko na vipakiti vya kunyonya unyevu. Filimbi ikizidi, mpeleke akachukuliwe kipimo cha mpira mpya.

Mashine haiponyi uziwi, na kuna watoto ambao haiwatoshi. Hao, na hata wengine, wafunzwe ishara mapema, na nyumba nzima ijifunze nao. Katiba ya 2010 inaitambua Lugha ya Ishara ya Kenya, na Kwale ipo shule ya watoto viziwi. Kinachomdhuru mtoto ni kukua bila lugha yoyote.

Mzazi wa Diani, wa Msambweni, wa Lungalunga: mtoto asiyegeuka akiitwa, mpeleke akapimwe wiki hii. Na kama mashine zimo kabatini, zitoe leo. Mashine ikipotea hutafutwa nyingine. Miaka ya mtoto kujifunza kusema haitafutwi ikapatikana.