Hana Alipima Upya Kila Mwaka





Mwezi huu baridi imetushika kweli kweli. Upepo unaotoka upande wa milima ya Matogoro hauulizi nani ana blanketi na nani hana. Basi tumeona vema mwezi huu tuzungumze habari ya kufunikana. Somo letu limo katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 2, mstari wa 19.

Habari yenyewe mnaijua. Hana alimwomba Mungu mtoto kwa machozi, akampata, akamtoa awe mtumishi wa Bwana kule Shilo, mikononi mwa mzee Eli. Lakini hakumsahau. Kila mwaka, alipokwenda na mumewe kutoa dhabihu, alimpelekea Samweli kanzu ndogo aliyomshonea mwenyewe. Maandiko hayaendelei zaidi ya hapo. Lakini kila mama aliyewahi kumshonea mtoto aliye mbali anajua kazi iliyomo. Hana hakuwa na mabega ya mtoto ya kupimia. Ilimpasa awaze moyoni: mwaka jana alinifika hapa, mwaka huu atakuwa amenifika wapi? Kama angeshona kwa kipimo cha mwaka jana, kanzu ingembana mtoto.

Ndugu zetu, wazazi wangapi katika mtaa wetu wanapima upya? Mtoto ana miaka thelathini na mitano, anajitegemea, ana watoto wake. Nasi bado tunamletea kanzu ya mtoto wa miaka saba, tukikasirika kwa kuwa haimwingii. Na watoto nao wanampima mzazi kwa kosa alilolifanya zamani, kana kwamba mzee hakui wala hatubu.

Mwaka jana, baada ya matanga katika nyumba moja ya waumini wetu, tulijikuta katikati ya mama mjane na binti yake. Hatutawataja, nao wametupa ruhusa tulisimulie jambo hili. Binti anakaa Dar es Salaam. Alifika Songea baba yake akiwa amekwisha kuzikwa, na mama hakumsamehe. Binti naye alikuwa na lake. Alipopata mimba akiwa msichana, mama ndiye aliyemtoa nyumbani usiku, wala hakumwita tena. Hata baba alipougua, hakuna aliyempelekea habari mapema.

Sisi, kwa haraka yetu, tulimwita binti tukamwambia apige magoti amwombe mama radhi, maana mama ni mama. Akatusikiliza kwa adabu, akachukua mkoba wake, akaondoka. Tukarudi nyumbani tukidhani tumefanya kazi ya Mungu.

Tulipokwenda tena baada ya wiki mbili, tuliwakuta wote wawili barazani. Mkeka umetandikwa, nguo zimetapakaa. Siku ya kugawa nguo za marehemu, koti la Jumapili lilikwenda kwa baba mdogo, na mashati mazuri yakaenda kwa wapwa. Zikabaki nguo za shamba: suruali za kaki zilizotoboka magotini, mashati yaliyopauka mgongoni kwa jua. Hakuna aliyezitaka. Mama alikuwa anakwenda kuzichoma, binti akasema, "Mama, usizichome. Tuziunge." Basi wakakata sehemu zilizo nzima, wakaziunga kipande kwa kipande ziwe mfarishi. Katikati wakaweka blanketi kuukuu, na chini watie bitana.

Kwa bitana hiyo binti alikuwa amenunua marekani mpya sokoni, akataka kuishona mara moja. Mama akamzuia: "Bado, mwanangu. Haijafuliwa. Hiyo itarudi, na ikirudi itazivuta hizi kuukuu na kuzichana."

Tuliposikia hayo tulinyamaza. Mara ngapi tumeihubiri Injili ya Marko, sura ya 2, mstari wa 21, ambapo Bwana wetu anasema juu ya kiraka kipya katika vazi kuukuu! Bwana alikuwa akisema habari ya ufalme wake, usiotoshea katika desturi za zamani. Lakini alichukua mfano wake kwa mtu anayejua kushona, na mama huyu aliujua kwa vidole vyake. Kitambaa kipya na kuukuu havichukiani. Tatizo ni haraka. Maji hayajapita.

Maji yalipita kwa siku zile za kushona. Macho yao yalikuwa kwenye sindano, si usoni pa mwenziwe, na labda ndiyo maana maneno yaliweza kutoka. Siku ya tatu mama alisema, "Ule usiku baba yako alikulilia. Aliyekataa ni mimi." Binti hakujibu. Alishona mpaka uzi ukaisha, ndipo akasema, "Najua, mama. Baba aliniandikia." Wakalia wote wawili, kisha wakatia uzi mwingine.

Kitambaa kile tunakiita marekani kwa sababu katika karne ya 19 kililetwa Unguja kwa merikebu kutoka Marekani. Na pamba ya huko ililimwa na Waafrika waliokuwa watumwa. Wazao wa watumwa wako hata leo mahali paitwapo Gee's Bend, katika jimbo la Alabama. Mwaka 1942 mjane mmoja wa huko, Missouri Pettway, alizichukua nguo za kazi za marehemu mumewe akazifanya mfarishi, binti yake Arlonzia akimsaidia, ili amkumbuke na kujifunika kwa upendo wake. Baadaye padre wa Kanisa letu la Kianglikana huko, Francis X. Walter, aliiona mifarishi ya akina mama wa wilaya ile imeanikwa kwenye kamba, na mwaka 1966 ukaanzishwa ushirika wa washonaji. Mama yetu wa Songea hakuwahi kusikia habari zao. Lakini Roho ni yule yule.

Basi tufanyeje? Kwanza, tupime upya. Mzazi amwulize mtoto wake mkubwa, "Siku hizi ukoje?" na asubiri jibu. Pili, tusiharakishe kuunga. Aliyekosa aseme kosa lake kwa jina lake, awe mzazi au mtoto. Sisi tulimtaka binti apige magoti, kumbe wa kwanza kusema alipaswa kuwa mama; na sisi tunaungama kosa letu hapa mbele yenu. Tatu, tutafute kazi ya kufanya pamoja: kupukuchua mahindi, kushona, kuezeka jiko. Mara nyingi mikono hufika mahali ambapo mashauri ya wazee yameshindwa.

Hatusemi kwamba yote yamekwisha katika nyumba ile. Binti amerudi kwenye kazi yake, na ziko siku simu hukatwa kwa hasira. Lakini Pasaka ya mwaka huu mjukuu, ambaye bibi yake hakuwahi kumwona kwa macho, alikuja Songea. Usiku ulipoingia baridi, bibi alimfunika kwa suruali na mashati ya babu yake.

Tuombe. Ee Mungu Baba, uliyewavika Adamu na mkewe hata baada ya kosa lao, utuvike na sisi. Utuoshe kabla ya kutuunga, na ukituunga tusichanike tena. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.