Sifa ya Baina

Samaki mmoja akioza, wote huoza. Methali hii huanza na yakini kwamba uozo una mwenyewe: yupo aliyeuleta, wengine wakaambukizwa. Je, kila sifa, njema au mbaya, ina mwenyewe?

Mwaka 1920, nchini Marekani, Joseph Valasek alionyesha kwamba fuwele za chumvi ya Rochelle hubeba mwelekeo wa umeme ndani yake, na kwamba msukumo wa umeme kutoka nje huweza kuupindua. Sifa hiyo huitwa feroelektriki. Hapo mwenyewe alijulikana: ni fuwele.

Mwaka 2021 makundi mawili ya watafiti, moja la chuo cha MIT, Marekani, na jingine la Chuo Kikuu cha Tel Aviv, yaliionyesha sifa hiyo baina ya tando nyembamba mno za nitridi ya boroni. Utando wa unene wa atomu moja umelala kama wavu. Hauna mwelekeo wa juu wala wa chini. Katika fuwele ya kawaida kila utando umegeukia kinyume cha jirani yake, na mwelekeo haupo. Lakini tando mbili zikilazwa zikielekea upande mmoja, baadhi ya atomu za boroni hukaa sambamba juu ya zile za nitrojeni, elektroni huegemea upande mmoja, na mwelekeo huzaliwa. Utando mmoja ukiteleza kwa masafa ya kifungo kimoja cha atomu, mwelekeo hupinduka. Msukumo ukiondolewa, hubaki ulivyo. Hapakuongezwa atomu wala hapakupunguzwa.

Sifa hii basi ni ya utando upi? Si wa juu, si wa chini. Ni ya mlalo wa hizo mbili.

Ndoa ivunjikapo, mtaa mzima humtafuta mwenye kosa. Kisha hao wawili huoa na kuolewa kwingine, wakaonekana wapole, na mtaa ukabaki kushangaa. Pengine ukali ule haukuwa wa mmoja wao. Ulikuwa baina yao.

Hata hivyo, neno hili lisigeuzwe kichaka cha kujifichia. Kofi lina mkono uliolipiga. Tando hazikuchagua mlalo wake; mtafiti ndiye aliyezilaza. Mwanadamu huhisi anakoegemea, na mara nyingi huweza kusogea. Asemaye "si mimi, ni sisi" amesema nusu ya kweli. Nusu ya pili ni kujibu: ulipoona mlalo huu unamuumiza mwenzio, ulisogea?