Mhandisi Aketi na Muuguzi

Aprili 2020, korona ilipotanda, wanafunzi wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta waliungana na wenzao wa udaktari na uuguzi, wakaunda mashine ya kumsaidia mgonjwa kupumua. Mota na vali ni kazi ya mhandisi. Lakini pumzi ngapi kwa dakika, na hewa kiasi gani kabla mapafu hayajaumia? Hapo muuguzi ndiye mwalimu.

Mji wa Voi nao hauna udhuru wa kutofanya vivyo hivyo.

Chuo Kikuu cha Taita Taveta, kinachofundisha uhandisi wa migodi, kiko huko huko pamoja na tawi la chuo cha mafunzo ya tiba, KMTC, na Hospitali ya Rufaa ya Moi iko jirani. Wakuu wa vyuo, waleteni wanafunzi wenu pamoja hadi hospitalini hapo, wamwulize muuguzi ni kifaa gani kinachomsumbua.