Mwili Ulio Amana: Maandalizi ya Mpiganaji na Swali la Hulka

Swali la iwapo ni halali kwa mtu mwenye imani kumpiga mwenzake kwa ujira, mbele ya watazamaji, kwa kawaida huulizwa kana kwamba jibu lake limo ndani ya dakika chache za pambano lenyewe, katika ngumi zinazorushwa, damu inayotoka na mshindi anayeinuliwa mkono. Makala haya yanashikilia kwamba uzito wa swali hilo uko katika majuma ya maandalizi yanayotangulia pambano, kipindi ambacho mpiganaji ana muda wa kutosha wa kufikiri, kuchagua na kukataa. Ndani ya ulingo muda huo hana; anachokitenda pale hutoka katika hulka aliyokwisha kuijenga, na kwa hiyo anayetaka kumpima kimaadili hana budi kuanzia kwenye kambi ya mazoezi.

Mchezo unaozungumziwa ni ule wa mapigano mchanganyiko, unaounganisha ngumi, mateke, mieleka, judo na jujitsu, na ambao mashindano yake yanayojulikana zaidi, yale ya UFC, yalianza mjini Denver, Marekani, mwezi Novemba 1993. Wapiganaji wawili wa daraja moja la uzito hukutana ndani ya ulingo wa pembe nane uliozungushiwa wavu, kwa raundi tatu za dakika tano tano, au raundi tano pambano likiwa la ubingwa. Mshindi hupatikana kwa pointi, kwa mwamuzi kulisimamisha pambano, au kwa mmoja kusalimu amri, jambo analolifanya kwa kumgonga mpinzani wake au sakafu kwa kiganja. Wazo hili ni la kale: Wayunani waliuingiza mchezo wa namna hiyo, uliojulikana kama pankrationi, katika michezo ya Olimpiki mwaka 648 kabla ya Kristo, na tangu zama hizo wanafalsafa hawajaacha kujiuliza ni wema gani, kama upo, unaozaliwa na maumivu yanayotafutwa kwa hiari.

Mfano unaofaa kuchunguzwa ni wa Khabib Nurmagomedov, bingwa wa zamani wa uzito mwepesi, mzaliwa wa Dagestan, jamhuri ya milima iliyo kusini mwa Urusi kando ya Bahari ya Kaspi. Huko mieleka ni sehemu ya malezi ya vijana, na Waislamu walio wengi hufuata madhehebu ya Imamu Shafi, madhehebu yale yale yaliyoenea katika pwani ya Afrika Mashariki. Mwalimu wake tangu utotoni alikuwa baba yake mzazi, Abdulmanap, aliyefariki dunia mwezi Julai 2020 baada ya kuugua UVIKO-19. Na tarehe 24 Oktoba mwaka huo huo mwana alipanda ulingoni Abu Dhabi kumkabili Mmarekani Justin Gaethje. Kwa kuwa Nurmagomedov hajaificha dini yake, na kwa kuwa alikuwa akikataa kupangiwa pambano katika mwezi wa Ramadhani, maisha yake yanaliweka wazi swali ambalo wapiganaji wengine huweza kulikwepa.

Aristotle, mwanafalsafa wa Kiyunani wa karne ya 4 kabla ya Kristo, aliwataja mabondia katika kitabu cha tatu cha Maadili ya Nikomako alipokuwa akieleza ushujaa: lengo lao, yaani taji na heshima, linapendeza, lakini mapigo wanayopokea na taabu ya mazoezi vinauma, na kwa kuwa maumivu ni mengi na lengo ni dogo, utamu wa lengo hilo hufunikwa usionekane. Kabla kidogo ya hapo ana hoja nyingine yenye manufaa zaidi kwa suala hili, nayo ni kwamba asiyetetereka mbele ya hatari ya ghafla ni shujaa kuliko asiyetetereka mbele ya hatari aliyoitarajia, maana inayotarajiwa mtu huweza kuikabili kwa hesabu, ilhali ya ghafla huikabili kwa hulka. Imamu Ghazali, mwanazuoni aliyefariki mwaka 1111, alifika mahali pa karibu na hapo katika kitabu chake Ihya Ulum al-Din, alipoifafanua hulka kuwa ni hali iliyokita katika nafsi, ambayo vitendo hutoka humo kwa wepesi pasipo haja ya kufikiri kwanza, na ambayo hubadilika kwa riadha ya nafsi, yaani kwa kujilazimisha kutenda jambo tena na tena mpaka liwe tabia.

Wanafikra hawa wawili wakisomwa pamoja, inadhihirika kwamba kambi ya mpiganaji hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Kazi ya kwanza ni ya hesabu: kusoma mbinu za mpinzani, kuongeza pumzi, kurudia namna ya kumwangusha mtu na kumdhibiti chini. Kazi ya pili, ambayo mara nyingi haitajwi na kocha wala mfadhili, ni ya kuijenga hulka, kwa sababu kila siku ya mazoezi humzoeza mtu namna fulani ya kuutazama mwili wake, ya kumtazama mpinzani, na ya kuitawala hasira. Atakaporushiwa ngumi hatakuwa na nafasi ya kuulizana na dhamiri yake, naye atatenda kwa yale aliyozoea.

Jambo la kwanza basi ni mwili. Katika siku za mwisho kabla ya kupimwa uzito, wapiganaji wengi huacha chumvi, hupunguza maji hadi kuyakata kabisa, kisha hukaa katika maji ya moto au chumba cha mvuke wakiwa wamejifunika mavazi mazito ili jasho liwatoke, hata wakapoteza kilo kadhaa kwa muda wa siku moja au mbili. Mtu hufika kwenye mizani midomo imekauka na mashavu yamebonyea, hushikiwa taulo avue kila alichovaa kwa ajili ya gramu chache, na akishatangazwa kuwa ametimiza uzito huanza mara moja kunywa na kula ili aurudishe kabla ya pambano la siku inayofuata. Kwa pambano la ubingwa wa uzito mwepesi mizani haina budi kuishia ratili 155, ambazo ni takribani kilo 70.3. Nurmagomedov aliijua vizuri gharama ya kuutimiza uzito huo: mwezi Machi 2017, mjini Las Vegas, alipelekwa hospitali wakati wa kupunguza uzito, na pambano lake na Tony Ferguson likafutwa. Wengine walilipa zaidi, kwani mwezi Desemba 2015 mpiganaji kijana wa Kichina, Yang Jian Bing, alifariki dunia mjini Manila akiwa katika kupunguza uzito kwa ajili ya pambano.

Hapa ndipo mafundisho ya dini yanapokuwa na neno la kusema. Katika Uislamu mwili ni amana, kitu alichokabidhiwa mtu akitunze ilhali mwenyewe ni Mwenyezi Mungu, na Qurani katika Suratul Baqara, aya ya 195, inakataza watu kujitia katika maangamizi kwa mikono yao. Mtume Muhammad (S.A.W.) alipopata habari kwamba sahaba wake Abdallah bin Amr alikuwa akifunga kila mchana na kuswali kila usiku, alimkumbusha kuwa mwili wake nao una haki juu yake. Ikiwa ibada yenyewe iliwekewa mpaka kwa ajili ya haki ya mwili, ni vigumu kuona jinsi taji la dhahabu na malipo ya fedha yanavyoweza kuuvuka mpaka huo.

Inaweza kupingwa kwamba dini zenyewe husifu kuutiisha mwili, na pingamizi hilo lina nguvu. Mtume Paulo, akiwaandikia Wakristo wa Korintho, mji uliokuwa jirani na mahali pa michezo ya Isthmia, alijifananisha na bondia asiyepiga hewa na kusema kuwa yeye huutesa mwili wake na kuutumikisha. Na Waislamu kila mwaka hufunga mwezi mzima pasipo chakula wala maji tangu alfajiri hadi magharibi. Hata hivyo tofauti ni kubwa. Saumu inamruhusu mgonjwa na msafiri kula na kulipa siku nyingine, inamhimiza mfungaji afuturu bila kuchelewa jua linapozama, na inausia daku ili mwili upate nguvu, kwa maana kwamba sheria inayomnyima mtu chakula ndiyo hiyo hiyo inayomlinda. Kupunguza uzito kwa kukausha maji hakuna huruma ya namna hiyo, kwa kuwa kipimo chake ni namba ya mizani peke yake, na mgonjwa asiyeifikia namba hiyo hutozwa faini au hupoteza nafasi. Zaidi ya hayo, faida inayotafutwa, ya kumzidi mpinzani kwa umbo, hubatilika mara tu mpinzani naye anapofanya vivyo hivyo, hata kinachobaki kwa wote wawili ni madhara. Kwamba madhara hayo si ya lazima kulithibitishwa na shirika la ONE Championship la Asia, ambalo baada ya kifo cha Yang Jian Bing lilipiga marufuku njia hiyo na kuanza kupima kiasi cha maji mwilini. Jambo lililokuwa likisifiwa kuwa ni nidhamu ya hali ya juu lilikuwa uchaguzi, na uchaguzi ulio mbaya.

Jambo la pili ni mpinzani. Mieleka ina heshima katika mapokeo ya Kiislamu, na inasimuliwa kwamba Mtume mwenyewe alishindana na Rukana, mwanamieleka mashuhuri wa Makka, akamwangusha. Lakini kumpiga mtu usoni kumekatazwa katika Hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim. Mwaka 1987 baraza la fiqhi la Jumuiya ya Ulimwengu wa Kiislamu, lilipokutana Makka, liliamua kuwa ngumi ni haramu kwa sababu zinahalalisha kila mmoja kumdhuru mwenzake, likaitia katika hukumu hiyo mieleka huru ya aina inayoruhusu madhara, na kuiacha mieleka ya kujenga mwili. Wapo wanaojibu kwamba wapiganaji wameridhiana. Ridhaa ni jambo zito, na ndiyo inayolitenga pambano na shambulio. Lakini kama mwili ni amana, basi ridhaa ya aliyekabidhiwa haitoshi kuruhusu kuharibiwa kwa kile asichokimiliki. Nurmagomedov alijulikana zaidi kwa kuwaangusha wapinzani na kuwadhibiti chini, ila naye aliwapiga usoni, na heshima kwa ubora wake haipasi kuificha hukumu hiyo.

Jambo la tatu, ambalo ndilo kiini cha hoja hii, ni uwezo wa kuacha. Mtume alifundisha kwamba mwenye nguvu hasa ni anayeimiliki nafsi yake wakati wa hasira, wala si anayewaangusha watu kwa mieleka. Tarehe 6 Oktoba 2018, mjini Las Vegas, baada ya kumshinda Conor McGregor ambaye kwa miezi kadhaa alikuwa amemtukania dini, baba na nchi, Nurmagomedov aliruka wavu akamvamia mmoja wa wasaidizi wa mpinzani wake, na ghasia zikazuka. Tume ya michezo ya jimbo la Nevada ilimtoza faini ya dola 500,000 na kumfungia miezi tisa. Mwenyewe aliomba radhi usiku ule ule, na baba yake alisema hadharani kwamba adhabu ya nyumbani ingekuwa kali zaidi. Tukio hilo linaonyesha kwa usahihi kile Aristotle alichokieleza: hesabu zote za kambi zilikuwa zimefaulu, pambano lilikuwa limekwisha, na katika sekunde zile ambazo hazikuandaliwa, hulka ilisema yaliyokuwamo.

Miaka miwili baadaye, Abu Dhabi, hulka hiyo ilisema mengine. Katika raundi ya pili Nurmagomedov alimkamata Gaethje kwa kabari ya miguu, mbinu ambayo mapaja huifunga shingo pamoja na mkono mmoja na kuibana mishipa ya damu iendayo kwenye ubongo, hata mtu huzirai kwa sekunde chache. Gaethje aligonga kwa kiganja, mwamuzi akachelewa kidogo kutambua, na Gaethje akazirai kabla ya kuachiliwa, ingawa alizinduka punde. Daniel Cormier, bingwa wa zamani aliyekuwa akifanya mazoezi naye katika kambi moja, alisimulia baadaye kwamba Nurmagomedov alikuwa na nafasi ya kuukunja mkono wa mpinzani, lakini aliiacha kwa sababu Gaethje alikuwa amesema kamwe hatasalimu amri, naye Nurmagomedov hakutaka kumvunja mkono mbele ya wazazi wa mpinzani huyo. Simulizi hilo halifuti ukweli kwamba mtu alibanwa hadi akazirai, wala haliutakasi mchezo. Linachothibitisha ni kwamba hata ndani ya kasi ya pambano inawezekana kumwona mpinzani kuwa ni mtoto wa watu, pale ambapo mtazamo huo umekwisha kuzoewa kabla ya siku yenyewe.

Baada ya ushindi huo Nurmagomedov alitangaza kustaafu, akiwa ameshinda mapambano 29 bila kushindwa hata moja, akieleza kwamba alikuwa amemwahidi mama yake kuwa hatapigana bila ya baba. Fedha nyingi zilikuwa bado zikimngoja, na hakuna mpinzani wala daktari aliyemlazimisha kuondoka; huo nao ulikuwa uwezo wa kuacha. Kwa hiyo walimu, wazazi na mashekhe wanaoulizwa na kijana kuhusu mchezo huu wasitosheke na kumweleza yaliyo halali na haramu ulingoni, bali wachunguze kwa makini anazoezwa nini kila siku: kama anazoezwa kuudhulumu mwili kwa ajili ya mizani na kumchukia mtu kwa ajili ya tiketi, basi kosa limekwisha kutendeka kabla ya kengele kulia, hata akishinda, na kama hazoezwi kuacha, yaani kuacha pigo, kuacha hasira na kuacha mchezo wenyewe inapobidi, basi hajaandaliwa, haidhuru pumzi yake iwe ndefu kiasi gani.