Sherehe ya Maharamia na Magofu ya Kua

Swali la iwapo ni halali kuigeuza dhuluma ya kale kuwa mchezo halina jibu moja kwa kila pwani. Mjini Tampa, Marekani, ambako sherehe ya Gasparilla ilianza mwaka 1904 na watu huandamana kwa shangwe wakiwa wamevaa kiharamia, haramia anayeenziwa, José Gaspar, ni wa hekaya, na wahanga wake pia ni wa hekaya. Kisiwani Juani, katika visiwa vya Mafia, mambo ni mengine kabisa: mji wa Kua, ambao magofu ya misikiti yake yangalipo, ulivamiwa katika miaka ya 1820 na Wasakalava waliovuka bahari kutoka Madagaska, nao wakaua watu na kuwachukua wengine utumwani. Sheria ya Kiislamu huliita tendo la namna hiyo hiraba, yaani kuwavamia watu kwa silaha ili kuwapora, na hulihesabu miongoni mwa makosa mazito mno, kwa kuwa huondoa amani ambayo bila yake hakuna ibada wala biashara. Furaha yenyewe si dhambi, na watu wa pwani wanaijua vyema katika zafa, yaani maandamano ya dufu na kaswida wakati wa Maulidi. Lakini furaha inayomtukuza mporaji humnyima aliyeporwa hata kumbukumbu. Kwa Mafia, basi, maandamano ya kiharamia hayafai. Wanaostahili kuenziwa ni watu wa Kua.